Besi ya Bei Nafuu: Kagua Shingo Kwanza, Jina Baadaye

Zamani mpiga besi hakuhitaji kujua bei ya besi. Vyombo vilikuwa vya mwajiri. NUTA Jazz ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na pale Iringa mjini Tancut Almasi Orchestra ya miaka ya 1980 ilikuwa bendi ya kiwanda cha kukata almasi. Mwanamuziki alikuja na vidole vyake, akakabidhiwa gitaa, na siku akihamia bendi nyingine aliliacha palepale. Kwa hiyo usishangae ukimwomba mkongwe akusindikize dukani, naye akakuambia kwamba kupiga anajua, kununua hajawahi.

Sasa anayenunua ni mtu mwenyewe. Ni kijana wa Ilula, huku wilayani Kilolo, aliyebahatika na msimu wa nyanya. Ni mwalimu wa shule ya msingi kule Ukumbi anayepigia kwaya ya vijana. Ni seremala wa Pomerini ambaye kwaya yake ina kinanda na gitaa la solo, lakini huko chini hakuna kitu. Hawa hawaishi kwa muziki. Wanapiga Jumapili, kwenye harusi, kwenye mashindano ya kwaya, basi. Kesho yake wako shambani au darasani.

Kabla hujauza gunia hata moja ili ununue besi, nenda mazoezini ukakisikilize kinanda. Vinanda vingi vya makwayani vina midundo ya kujiendesha: mpigaji anabonyeza kodi kwa mkono wa kushoto, kinanda chenyewe kinatoa ngoma na besi. Ukiingia juu yake mtakuwa wapiga besi wawili, mmoja mtu na mwingine mashine, na mashine haimsubiri mtu. Sauti zitagongana huko chini, na atakayelaumiwa ni wewe mgeni. Kwa hiyo mkalishe mpiga kinanda mapema, mkubaliane. Vinanda vingi huruhusu kuzima besi peke yake na kuacha ngoma. Kisichoruhusu, mpigaji wake aache ule mkono wa kushoto au abaki na mdundo mtupu. Kuna jambo jingine la kumuuliza: je, huhamisha sauti kwa kitufe? Wengi wao wanajua kupiga kwenye ufunguo mmoja tu, na mwimbaji akitaka juu wanabonyeza kitufe cha kupandisha. Mpiga besi hana kitufe. Utahama kwa vidole. Asiye tayari kukuambia amebonyeza mara ngapi atakuaibisha mbele ya mchungaji.

Mkishaelewana, ndipo uhesabu hela, na uigawe kabla ya kupanda gari. Tuseme umedunduliza shilingi 800,000. Ukizimaliza zote kwenye gitaa, utarudi Kilolo na chombo kizuri kisichosikika, kwa sababu besi ya umeme bila amplifaya husikiwa na mwenye nayo tu. Mimi ningeweka nusu, pengine pungufu kidogo, kwa gitaa lenyewe. Inayobaki igawe kwa amplifaya ndogo, kebo, begi, mkanda wa begani, seti ya akiba ya nyuzi, nauli, na ujira wa fundi wa kuliweka sawa. Huo ujira wa fundi ndio watu husahau, na ndio unaofanya besi ya bei ya chini ipigike. Besi ya bei rahisi iliyopita mikononi mwa fundi mzuri huishinda ya bei kubwa iliyotolewa kwenye boksi na kutundikwa ukutani.

Sasa uko dukani, iwe Iringa mjini au Kariakoo. Muuzaji ataishusha besi, ataichomeka kwenye spika kubwa na kupandisha sauti ya chini mpaka meza ya vioo itetemeke. Utajisikia nyota. Mwombe kwa adabu azime: "Kaka, naomba kwanza niisikie ikiwa kavu." Spika ya dukani hutaondoka nayo, na mngurumo ule unaficha kila kasoro unayopaswa kuitafuta.

Anza na shingo. Karibu kila kitu kingine kwenye besi kinabadilishika: pikapu zinazonasa sauti ya nyuzi, vikaza nyuzi, hata briji. Shingo ikiwa mbovu umenunua kuni. Na shingo ya besi ina kazi ngumu. Katika besi ya kawaida uzi unaopigwa una urefu wa inchi 34, karibu sentimita 86, na nyuzi nne nene zikishatyuniwa huivuta shingo kwa nguvu ya kilo zaidi ya 70, usiku na mchana, hata ukiwa umelala. Mbao iliyokatwa ikiwa bado mbichi haiwezi kuhimili hilo kwa miaka.

Weka jicho upande wa mwili wa gitaa, utazame kando ya shingo kuelekea kichwani. Unatafuta kama imesokoteka, yaani upande wa uzi mnene umeinuka na upande wa uzi mwembamba umeshuka, au kinyume chake. Iliyosokoteka iache, hata muuzaji akishusha bei kwa nusu. Iliyopinda mbele kidogo tu haina tatizo. Ipime hivi: bonyeza uzi mnene kabisa kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine uubonyeze pale shingo inapokutana na mwili. Sasa uzi umekuwa rula. Tazama katikati, kwenye freti ya 7 au ya 8. Pawe na mwanya mdogo, kiasi kwamba kadi ya mchango wa harusi inapita kwa kubanwa kidogo. Ikiwa hata kadi ya benki inapita bila kugusa, shingo imevutwa mno. Ikiwa hakuna mwanya kabisa, imekazwa kupita kiasi. Hali zote mbili hurekebishwa na chuma kinachopita ndani ya shingo, kinachogeuzwa kwa ufunguo mdogo wenye umbo la L, kichwani au pale shingo inapoishia mwilini. Sharti ni moja, chuma kigeuke. Omba kigeuzwe robo mzunguko mbele ya macho yako. Muuzaji akisema ufunguo umepotea, mwambie utasubiri autafute.

Kisha piga kila freti ya kila uzi, moja baada ya nyingine, kutoka kichwani hadi mwisho. Kwenye besi ya freti 20 na nyuzi nne hizo ni sauti 80, na muuzaji atachoka. Mwache achoke. Unasikiliza mkwaruzo wa uzi kugusa freti ya mbele, na sauti zinazokufa upesi kuliko jirani zake. Mkwaruzo ulioenea shingo nzima ni suala la marekebisho, lakini ulio mahali pamoja tu maana yake kuna freti imeinuka au jirani yake imeliwa, na kazi hiyo ni ghali. Pitisha kiganja kando ya shingo, juu na chini. Ncha za freti zikikwaruza ngozi, fundi anaweza kuzipiga tupa, ila hiyo nayo ina gharama na ni hoja nzuri ya kuombea punguzo.

Mwisho wa ukaguzi wa shingo ni freti ya 12. Washa programu ya kutyuni kwenye simu, tyuni uzi ukiwa mtupu, kisha ubonyeze freti ya 12. Lazima itoke sauti ileile, oktava moja juu. Ikipotoka kidogo, vile vipande vinavyobeba nyuzi kwenye briji husogezwa kwa bisibisi hadi ikae sawa. Ikiwa vipande vimeshafika mwisho wa njia yake na sauti bado imepotoka, kosa lilifanyika kiwandani. Besi hiyo itakuwa sawa karibu na kichwa na itadanganya kila unaposogea juu, na kwaya nzima itadhani ni wewe.

Baada ya hapo ivae kwa mkanda, usimame, uachie mikono. Kichwa kikianguka kuelekea sakafuni, mkono wako wa kushoto utafanya kazi mbili ibada nzima: kubonyeza nyuzi na kubeba shingo. Besi nyingi zina uzito wa kilo nne hivi, na kwaya zetu hazisimami kama nguzo, zinacheza. Ipime ukiwa unacheza, usione haya.

Sasa mruhusu muuzaji awashe. Zungusha kila kitufe polepole. Mkwaruzo ukizungusha kitufe ni vumbi au uchakavu, na dawa yake ni rahisi. Tikisa kebo pale inapoingia. Sauti ikikatika, jeki imelegea, nayo si jambo kubwa. Kinachohitaji kufikiriwa zaidi ni pikapu, hasa kwa sisi tunaopiga mahali ambapo umeme unatoka kwenye jenereta nyuma ya kanisa. Pikapu ya koili moja hunasa mvumo wa umeme, na waya za makanisa mengi hazina ardhi ya kuaminika. Mfumo wa Precision, besi ambayo Fender ya Marekani iliitoa mwaka 1951, tangu 1957 una pikapu iliyokatwa vipande viwili vinavyofutiana mvumo. Mfumo wa Jazz, uliokuja 1960, una pikapu mbili. Ukiziweka zote kwenye sauti sawa mvumo unapungua, ukiacha moja tu unarudi. Nakala za mifumo hii miwili ndizo utakazozikuta kwa wingi madukani, na kwa kwaya ya kijijini mimi nachagua ule wa kwanza. Kitufe kimoja cha sauti, kimoja cha toni, hakuna cha kuharibika. Na kama ukigusa nyuzi na kipaza sauti kwa pamoja ukasikia umeme, acha kupiga hadi fundi umeme aje. Hilo si la kuvumilia kwa ajili ya ibada kuendelea, limeshaua wanamuziki.

Besi zenye betri ndani mimi siwashauri wanaoanza. Ni nzuri, zina nguvu, zinakupa uhuru wa kupandisha na kushusha sauti za chini na za juu hapohapo kwenye gitaa. Lakini betri yake ya volti 9 huisha bila kubisha hodi, na ukiacha kebo imechomekwa inaendelea kuliwa hata kama hupigi. Uliza kwanza kama duka la kijijini kwako lina betri hiyo ya mraba.

Nyuzi tano je? Uzi wa tano hushuka hadi mitetemo 31 hivi kwa sekunde, wakati uzi mnene wa besi ya nyuzi nne uko kwenye 41. Spika nyingi za makanisani hata hiyo 41 haziitoi sawasawa. Unachosikia ni sauti za juu yake, na sikio linajazia lililobaki. Utakuwa umelipia uzi ambao spika haina uwezo wa kuusema. Mwenye kupigia kwaya inayoshuka sana, yenye spika kubwa za chini, anaweza kuwa na hoja. Ila muziki wa dansi tuliolelewa nao, pamoja na ile Mlimani Park ambayo Suleiman Mwanyiro aliipigia besi, ulijengwa juu ya nyuzi nne. Ukitaka darasa la bure, sikiliza nyimbo zao uhesabu mahali ambapo besi imenyamaza.

Hapa niseme neno kwa wenye mikono midogo, na hasa akina dada ambao huambiwa besi ni chombo cha wanaume. Kuna besi fupi, za inchi 30. Freti zimekaribiana, nyuzi ni laini kidogo, na sauti yake ni ya mviringo zaidi. Si kitu cha watoto. Paul McCartney wa Beatles alijulikana kwa besi ya Höfner ya urefu huo. Tatizo lake kwetu ni kwamba dukani ni adimu na nyuzi zake ni adimu zaidi, kwa hiyo ukiipata nunua na seti ya akiba siku hiyohiyo.

Jina nimeliacha hadi hapa makusudi. Ukiona besi imeandikwa Fender kwa bei ya redio, ni maandishi tu. Fender yenyewe huuza besi za bei ya chini kwa jina la Squier, na hata hizo hazigawiwi bure. Yamaha na Ibanez wana besi za kuanzia ambazo hutoka kiwandani zikiwa zimesimamiwa vizuri. Yamaha TRBX174 na Ibanez za mfululizo wa GSR ni mifano, na nje ya nchi huuzwa kwenye dola 200 hadi 300 kabla hujaweka usafiri na ushuru. Jina la namna hii hukupa jambo moja la maana: besi mbili za aina moja hufanana. Besi za Kichina zisizo na jina hazifanani. Moja ni nzuri ajabu, jirani yake kwenye ukuta huohuo haifai hata kupambia nyumba. Kwa hiyo usimtume mtu akununulie ya aina hiyo kwa simu na picha. Ukilazimika kumtuma mtu Dar es Salaam, mtumie jina na namba ya modeli, au mtume mtu anayejua kupima shingo.

Ya mtumba usiidharau. Kwaya za mjini hubadilisha vyombo, bendi huvunjika, na besi iliyopigwa miaka kumi bila shingo kusokoteka imekwisha kuthibitisha mbao yake. Hakikisha tu anayeiuza ndiye mwenye mali. Vyombo vya kwaya ni vya kwaya, hata kama vinalala chumbani kwa mpigaji. Omba karatasi yenye sahihi ya katibu au mwenyekiti kabla hujatoa hela.

Makanisa yetu pia hupata vyombo kwa marafiki wa nje. Dayosisi ya Iringa ya KKKT, kwa mfano, ina undugu wa muda mrefu na Walutheri wa Minnesota. Gitaa likitoka huko halina shida. Amplifaya ndiyo ya kuangalia: ya Marekani imetengenezwa kwa volti 120, ukutani kwetu kuna 230. Igeuze usome mgongoni kabla ya kuichomeka. Isipokuwa na swichi ya kubadilisha, tafuta transfoma ya kushusha umeme, vinginevyo utasikia mlio mmoja tu na harufu.

Kuhusu amplifaya kwa ujumla, ya chumbani inatosha kuanza, mradi iwe ya besi. Ya gitaa la solo ukiipandisha sauti, koni yake inaweza kuchanika. Kanisani chomeka kwenye mixa, kupitia kile kiboksi kidogo cha kulinganisha ishara kama kipo, na umwombe mwenye mixa ashushe kidogo sauti za chini badala ya kuzipandisha. Nyumbani sabufa inafaa kwa mazoezi ya sauti ya wastani ukipitishia kwenye mixa ndogo. Vipo pia viamplifaya vya kuchomeka moja kwa moja kwenye jeki ya gitaa na kusikiliza kwa hedifoni. Kwa aliyepanga chumba kimoja, chenye ukuta wa pamoja na jirani, sioni kitu bora kuliko hicho.

Imebaki safari. Kama umetoka Dar es Salaam, legeza nyuzi nusu mzunguko hivi, funga kichwa kwa khanga ndani ya begi, na upande nayo ndani ya basi. Ukiiweka kwenye buti, kufika Mikumi imeokwa, na kabla ya kumaliza mlima Kitonga ina gunia la mtu juu yake. Bodaboda ya kumalizia njia iendeshwe taratibu, begi mgongoni mwako, kichwa cha gitaa kikitazama juu.

Wilaya ya Kilolo ina hali ya hewa zaidi ya moja. Ruaha Mbuyuni ni joto kavu, Dabaga ni ukungu na baridi ya kufanya vidole viume, na mbao hujua tofauti. Besi iliyotoka kwenye unyevu wa pwani itatikisika ikifika huku. Iache siku kadhaa ndani, mbali na jiko na mbali na ukuta unaotoa maji, ikiwa imetyuniwa kama kawaida. Ndipo uipime tena kwa kadi ya harusi na uipeleke kwa fundi. Ukiipeleka siku ya kwanza, atarekebisha shingo ambayo bado inahama, na utamlipa mara mbili.

Fundi akibadilisha nyuzi, zile za zamani usizitupe. Zikunje, uandike kila mmoja ni uzi wa ngapi, uziweke mfukoni mwa begi. Nyuzi za besi hukatika mara chache, lakini ukikatikiwa na mmoja katikati ya mkesha, uzi uliofifia unaweza kukufikisha asubuhi.